Udongo wa Chini ya Kitanda

Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwanza, kisha ndiyo usome. Najua tangu niondoke nimekuandikia mara moja tu, tena nusu karatasi, na najua umeshawaambia majirani kwamba binti yako amemezwa na kazi. Sijamezwa, mama. Kila nikishika kalamu huyu mdogo analia, na akinyamaza ninayelala ni mimi. Leo naandika saa ya mapumziko ya mchana, nimekaa juu ya gunia la mchanga, mwenyewe ananyonya. Ukiona mstari umepinda ujue amenivuta mkono.

U hali gani? Kifua kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la vitambaa? Mwanangu Chiriku anakula? Lile jino limeshatoka? Mwambie kwamba mdogo wake sasa anakaa bila kushikwa, akichoka anaanguka ubavu, halafu anacheka. Haya yote ningekuuliza kwa simu, lakini simu yako unaizima ili betri isichoke, halafu unasema watoto wa siku hizi hawapigi.

Mama, nina jambo, na ninaomba ulisome umekaa.

Hukuwahi kuielewa kazi yangu, wala sikulaumu. Hata mimi mwanzoni nilidhani nimeajiriwa kupika udongo. Watu wanaotaka kujenga wanatuletea udongo wa kiwanjani, mawe, tofali, vigae. Mimi naanika, natwanga, nachekecha, napima uzito, natia kwenye makopo na kuziba vifuniko kwa gundi mpaka hata pumzi isipite. Makopo yanakaa rafuni karibu mwezi. Halafu bosi wangu, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, anayaweka kwenye mashine na kusoma.

Tunachotafuta ni gesi. Inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inatoka polepole ndani ya mawe na udongo; kuna udongo unaotoa kidogo na kuna unaotoa nyingi. Nje, upepo unaichukua. Lakini ndani ya nyumba inapanda kwenye nyufa za sakafu, inatoka kwenye kuta, na chumba kikiwa hakina dirisha inakaa humo humo na nyinyi mnaivuta. Miaka ikipita inakula mapafu. Bosi anasema haiui leo wala kesho. Inaweka akiba.

Mwezi uliopita mtu alituletea ndoo ya mchanga wa kijivu, laini kama unga, unaometameta. Nilipoingiza mkono tu nikaujua. Ulitoka kwenye mgodi mwingine uliofungwa, mbali na kwetu, lakini ni ule ule, mama. Ni kama lile Lundo letu, masalia ya mgodi waliyosaga wakayaacha, ambalo baba alikuwa anachota bure kwa mkokoteni. "Mungu ametusagia mchanga," alikuwa anasema. Tofali zote za nyumba yetu zimetoka pale. Kifusi alichojaza chini ya sakafu kimetoka pale.

Kopo la yule mtu limesomwa juzi. Bosi alivua miwani zote mbili.

Basi naomba vitu viwili. Udongo wa chini ya kitanda chako, pale saruji ilipobomoka, uchimbe kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, ujaze kopo. Na kipande cha tofali ya ukuta wa chumba hicho hicho, hata kidogo kama ngumi. Mpe yule dereva wa lori anayeleta mbao huku, ananifahamu. Na mpaka nikujibu, Chiriku asilale chumba cha ndani. Alale jikoni. Jiko lilijengwa baadaye, kwa tofali za kuchoma. Na wewe ulale naye huko. Siombi, mama. Nasema.

Mwanao


Tarehe 22 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, marahaba, ingawa shikamoo yenyewe imefika imezeeka. Sisi hatujambo. Mimi nipo, kifua kinakwenda na kurudi kama mgeni asiye na haya. Chiriku anakula kuliko mimi. Jino limetoka, amelificha, hataki kumwonyesha mtu kabla yako. Amesema nikuandikie kwamba mdogo wake asijifunze kutembea mpaka yeye awepo. Nimeandika. Mimi ni karani tu.

Barua yako niliisoma nimekaa kama ulivyoagiza, nikaisoma tena nimesimama, na bado sijaielewa. Gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyoonekana, na wewe unalipwa mshahara kuitafuta? Jirani yetu muuza mkaa amecheka mpaka ameshika ukuta. Anasema na yeye ana mume wa namna hiyo, haonekani, hasikiki, na bado anampikia.

Lakini wewe ni mtoto wangu na hujawahi kunidanganya kwa jambo kubwa, kwa hiyo udongo nimechimba. Nimepiga magoti siku nzima, mzee mimi, nimeuandaa vizuri, usije ukasema mama yako alikutia aibu mbele ya bosi wako. Uko kwenye kopo la samli, nimelifunga kwa kitambaa.

Tofali sikuletei. Ukuta wa baba yako siugusi. Unakumbuka alivyokuwa anapitisha kiganja juu ya zile tofali, anasema tazama, hazina hata kipele? Alizifyatua mwenyewe, akazimwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayekuza mboga. Niende leo kuzitoboa kwa nyundo kwa sababu ya kitu kisichoonekana? Mtu akipita akaniona nitamwambia namtafuta nani ukutani?

Na chumba cha ndani ndicho ninachoshonea, unajua. Barabarani kuna vumbi, vitambaa vya watu vinachafuka. Dirisha baba yako aligongomelea mbao tangu wezi walipochukua redio, na mimi sitaki wezi wengine. Chiriku nimemhamishia jikoni kama ulivyosema. Mimi nabaki na cherehani yangu. Siku utakayoona cherehani hii imetoka chumba hiki, ujue na mimi nimetoka.

Mnyonyeshe mtoto, usimnyonyeshe udongo.

Mama yako


Tarehe 4 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Poleni na siku za kungoja. Sisi tu wazima, mdogo ameota meno mawili kwa mpigo na ameyajaribu yote kwangu.

Mama, kopo lako limesomwa leo. Naandika nikiwa bado nimevaa koti la kazi. Ni kidogo! Bosi amerudia mara mbili kwa sababu nilimsimamia mgongoni, na mara zote mbili ni kidogo, kama udongo wa shamba tu. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya matangi ya maji nikalia kama mjinga, mlinzi akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Hakuna aliyefariki.

Bosi aliushangaa udongo wako. Alisema hajawahi kuletewa udongo msafi na mkavu namna ile, punje punje kama sukari. Nikamwambia mama yangu hata kuku akimpita anamfuta miguu. Akacheka.

Lakini bado anataka kile kipande cha tofali. Anasema udongo ni shahidi mmoja, ukuta ni shahidi wa pili. Ukiweza, nitumie. Usipoweza sasa hivi sitakugombeza. Nilikutia hofu bure, unisamehe. Chiriku anaweza kurudi kitandani kwako, najua kule jikoni baridi inamsumbua na wewe umezoea miguu yake mbavuni.

Kifua chako tu ndicho kimebaki. Tafadhali nenda hospitali ukapimwe. Usinijibu kwa utani.

Mwanao


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, mama'ngu. Barua yako nimemsomea muuza mkaa kwa sauti, mstari kwa mstari, hasa pale pa kunisifu. Nimemwambia, umesikia? Wasomi wameshangaa udongo wangu! Akasema si ajabu, hata mkaa wake nikiununua ninaufuta.

Ungejua kazi niliyoifanya, mwanangu. Udongo ule ulivyotoka chini ya kitanda ulikuwa unga wa kijivu unaonata, ukigusa unaganda kwenye kucha. Nikajiuliza, hiki ndicho nikipeleke maabara kwa watu wenye makoti meupe? Nikautia kwenye beseni nikauosha kama mchele. Maji ya kwanza yalitoka kama uji. Nikamwaga. Ya pili, nikamwaga. Niliosha mpaka maji yakawa meupe na chini zikabaki zile punje safi, nikazianika juu ya shuka. Chiriku ndiye alikuwa anafukuza kuku. Basi mkubwa wako aliposhangaa, ashangae kwa haki.

Chiriku amerudi kitandani kwangu tangu siku ile ile barua ilipofika. Alibeba mto wake mwenyewe, akauweka pahali pake, akasema, "Bibi, nimerudi kazini."

Hospitali nitakwenda, nina nguo za harusi ya watu nazimalizia. Juzi nilikuwa napindapinda ukingo wa gauni jeupe nikaona nukta nyekundu, nikadhani nimejichoma sindano. Nikatazama vidole vyote, vizima. Nilikuwa nimekohoa tu. Nimeitoa kwa maji baridi na chumvi, haionekani kabisa, bibi harusi hatajua.

Busu kwa mwenye meno.

Mama yako


Tarehe 8 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua imefika leo asubuhi na dereva anaondoka mchana huu huu, kwa hiyo sitaandika sana. Simu yako nimeipiga mara nyingi, imezimwa.

Mtoe Chiriku chumba hicho. Leo. Kabla hujamaliza kusoma. Mpeleke jikoni, kisha urudi usome.

Yale maji uliyomwaga ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta. Ule unga wa kijivu. Bosi alinieleza akiwa ameshika barua yako: zile chembe ndogo ndogo ndizo zinazobeba kile kinachozaa gesi, na punje kubwa zinabaki karibu tupu. Umeosha ukamwaga sumu uani, ukatuletea punje, nasi tukazipima tukasema nyumba ni salama. Sikulaumu, mama. Sikukwambia usiuoshe. Ni nani angefikiria kumwambia mtu asioshe udongo? Nilimwambia bosi mama yangu ni msafi na wote wawili tukacheka. Tulikuwa na jibu mkononi tukalichekea.

Na mimi ndiye niliyekuandikia mtoto arudi kitandani.

Nimekutumia kopo pana lenye mkaa mweusi ndani. Hili halipimi udongo, linapima hewa ya chumba yenyewe. Ondoa cherehani, ondokeni nyote. Weka kopo juu ya kigoda katikati ya chumba, fungua kifuniko, toka, funga mlango. Asiingie mtu siku tatu. Halafu lifunike, lizungushie ule utepe wa gundi niliouweka, mpe dereva siku hiyo hiyo. Mkaa hausubiri, mama. Ukilichelewesha linasahau lilichokiona. Usilifute. Usilioshe. Usilipambe kwa kitambaa.

Na hiyo nukta ya gauni. Kesho uende hospitali. Bibi harusi avae gauni lisilopindwa.

Mwanao


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kopo ndilo hilo, linakuja na dereva pamoja na barua hii. Sikulifuta. Muuza mkaa alipoona nimeletewa mkaa kutoka mbali, yeye akiwa mlango wa pili, hakunisemesha asubuhi yote. Baadaye alikuja akachungulia akasema, "Mkaa mzuri hivi, bila hata kuchemshia chai?" Nikamwambia huu unapika hewa. Akaondoka anatikisa kichwa.

Nimefanya ulivyosema isipokuwa moja. Cherehani sikuitoa. Ni nzito, na nilikwambia. Nimeifunika shuka.

Chiriku yuko jikoni. Nami niko jikoni. Siku tatu hizo nimezunguka uani kama kuku aliyefungiwa banda. Nilikaa nikautazama ule ukuta kwa nje. Nilikumbuka baba yako alivyokuwa anatia kifusi chumbani, mimi nina mimba yako, anashindilia kwa gogo anaimba. Alichagua ule mchanga laini kwa ajili ya chumba cha kulala. Kule kwingine alitia mawe. Alisema chumbani sakafu isije ikawa na baridi, mtoto atatambaa. Wewe ulitambaa humo.

Baba yako alikufa kwa kifua, na sote tulisema ni vumbi la saruji. Sikuulizi kitu. Naandika tu kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia.

Hospitali nimekwenda, usije ukanuna. Wamenipiga picha ya kifua. Nilisimama nimekumbatia lile bamba la baridi, kijana akaniambia nivute pumzi niishike, nikaivuta ikanitoka kwa kikohozi, mara tatu, mpaka akaja kunishika mabega. Daktari aliitazama picha kwenye taa muda mrefu. Halafu akasema, "Mama, urudi wiki ijayo, lakini uje na mtu mzima." Nikamwambia, "Daktari, nina mjukuu wa miaka sita, mtu mzima ni mimi." Hakucheka. Nilipoona hakucheka nikajua.

Picha wamenipa kwenye bahasha kubwa ya kahawia. Nimeiweka juu ya kabati. Chiriku ameichungulia juani, akaniuliza, "Bibi, hili wingu ni la nani?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi fundi nguo nimekitafuta kote kwenye nguo.

Usiniambie nihame. Nihamie wapi, kwenye chumba chako cha kugeuka kwa zamu? Mwenye nyumba wako si ndiye aliyesema mama na mtoto mmoja, basi? Mchukue Chiriku ukiweza. Mimi niache na nyumba yangu. Kilichokwisha kuingia kimeingia.

Mama yako


Tarehe 27 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumai hujambo kadiri inavyowezekana. Kopo lilifika kwa wakati na limesomwa siku hiyo hiyo. Kabla ya mengine, sikia jibu lake.

Bosi alinikalisha. Ofisini kwake hakuna anayekaa, viti vimejaa makopo, lakini aliondoa makopo ya kiti kimoja. Akasema nyumba ya mtu inatakiwa isipite mia moja kwa kipimo chao. Ikipita mia tatu, wenyewe wafanye jambo. Chumba chako kimepita elfu mbili. Nilimuuliza, na mama yangu? Na baba yangu? Akasema mashine haisemi nani ameumwa na nini, inasema tu kilichomo kwenye hewa. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Nilimuuliza, na Chiriku? Hapo alinijibu haraka: mtoto akitoka sasa, ametoka mapema. Kila mwaka asiokaa humo ni mwaka aliorudishiwa. Nimeyashika maneno hayo, na wewe uyashike.

Nyumba inaweza kutibiwa, anasema. Kifusi kichimbuliwe chote kitolewe, sakafu imwagwe upya, dirisha lifunguliwe, hewa ipitishwe. Kuta ni jambo lingine. Hiyo ni kazi ya mafundi na miezi. Si kazi ya mgonjwa aliyejifungia na cherehani.

Na si nyumba yetu peke yake. Mtaa mzima ulichota kwenye Lundo. Bosi anataka kuja mwenyewe na makopo, nyumba kwa nyumba, lakini wakubwa wake wamemwambia alete kwanza ushahidi wa ukuta na udongo ulioandaliwa kwa utaratibu. Hewa ya chumba kimoja haiwatoshi. Mwambie muuza mkaa. Mwambie asicheke mara hii. Yule mume wake asiyesikika, muulize hasikiki kwa sababu gani, ni mpole au hana pumzi.

Kuhusu pa kukaa. Nilimfuata mwenye nyumba akiwa anaanua nguo. Nikamwambia, "Mama, kuna watu wawili wanakuja kwangu." Akasema, "Wageni?" Nikamwambia si wageni, ni mama yangu na mwanangu mkubwa. Akasema, "Nilikukodisha chumba, sikukukodisha stendi." Mdogo alikuwa mgongoni, akamshika yule mama sikio, akalivuta. Akaniuliza, "Mama yako anaumwa nini?" Kifua. "Kinaambukiza?" Nikamwambia hakiambukizi, kimetoka sakafuni. Akacheka, halafu akaona sicheki. Nikamweleza pale pale, kati ya kamba na kamba. Alipomaliza kusikiliza aliangalia mlango wa chumba chake mwenyewe akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na hii yangu?" Nikamwambia nitaipima. Akasema basi waje, nguo zao wataanika upande ule.

Kwa hiyo usinitajie tena mwenye nyumba.

Umesema kilichokwisha kuingia kimeingia. Ndiyo, mama. Sitakudanganya, hujanilea hivyo. Sijui hospitali ya huku itaweza nini, na nimeiona sura ya bosi nilipomtajia wingu la kwenye picha. Lakini daktari amesema uende na mtu mzima. Mtu mzima ni mimi. Nitakaa nawe kwenye benchi, nitasikia atakachosema daktari wa huku, na ukitaka kumfanyia daktari utani nitacheka mimi kama yeye hataki. Baba alitandika sakafu hiyo ili mtoto asipate baridi. Hakukosea kupenda. Hata yeye angekuwepo leo angekubeba mgongoni akutoe humo, na unajua hivyo.

Dereva anapita kwako Jumamosi asubuhi. Nimeshasema naye, mbele kuna nafasi ya watu wawili. Hivi ndivyo ninavyohitaji unitumie, na mara hii usipunguze wala usiongeze:

Kipande cha tofali ya ukuta, cha upande wa kichwani pako. Mwite muuza mkaa akugongee, ana mikono. Mkipate kwa patasi, kisianguke chini, kifungwe kwenye mfuko wa nailoni.

Udongo wa chini ya kitanda, kwenye kopo lile lile la samli, nimekurudishia kwa dereva. Uchotwe ule unga unaonata, na uje mchafu hivyo hivyo. Usiuguse hata kwa kijiko chenye maji.

Bahasha ya kahawia na picha yake. Usiikunje.

Kadi ya kliniki ya Chiriku, iko kwenye droo ya kabati chini ya vifungo.

Chiriku mwenyewe, na viatu vyake vyote viwili, na jino lake. Mdogo wake anajisimamia akishika ukuta, nimemzuia kadiri nilivyoweza.

Na cherehani. Meza iache, niletee kichwa, na lile gurudumu, na kisanduku cha sindano, na mkasi wako mkubwa. Ulisema haitoki chumba hicho mpaka wewe utoke. Nimekusikia. Itume.

Mwanao